Transfa inavuja, handibreki nayo imelegea: nianzie wapi?

*"Habari fundi. Nina Land Rover Defender 110 ya 1996, injini ni 300Tdi. Nabeba viazi na kabichi kutoka shambani Keringet hadi Molo, na mara moja kwa wiki nateremka nazo Nakuru. Ni miezi minne sasa transfa inavuja. Kila baada ya wiki mbili naongeza oili, karibu nusu lita. Fundi wa kwanza alipaka silikoni nyeusi kote chini, ikashika siku nne. Wa pili alibadilisha sili ya nyuma, ikakaa mwezi mmoja kisha ikaanza tena. Wa tatu ananiambia niweke oili ya 140 badala ya 90, eti ni nzito haitapita. Jirani naye anasema Land Rover isiyovuja ni ile iliyokauka, niendelee kuongeza tu. Jambo lingine dogo: handibreki siku hizi naivuta hadi juu na gari bado linaserereka, lakini kijana wangu huweka jiwe. Nifanye nini? Na nikiongeza oili mwenyewe nitajuaje imetosha?"*

Ndugu yangu, hilo uliloliita jambo dogo ukaliweka mwisho ndilo mimi nitaanza nalo. Oili inayodondoka itakuharibia gari. Handibreki isiyoshika itaua mtu, na barabara unayoteremka nayo ni ile ya Sachangwan na Salgaa, inayojulikana kwa ajali, ambayo haihitaji mimi nikueleze.

Tena hayo si magonjwa mawili. Magari mengi handibreki yake hushika magurudumu ya nyuma moja kwa moja. Defender haiko hivyo. Handibreki yake ni drami moja (ngoma ya chuma yenye viatu vya breki ndani) iliyofungwa nyuma ya transfa, lile sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, hapo hapo propela ya nyuma (shafti inayopeleka nguvu kwa magurudumu) inapoanzia, kwa hiyo inachoshika ni propela, si gurudumu. Sasa angalia ramani: sili ya nyuma ya transfa, ule mpira unaozuia oili isitoke, iko mbele tu ya drami hiyo. Sili ikilegea, oili inarushwa ndani ya drami, viatu vya breki vinalowa, na kiatu kilicholowa oili hata ukivuta mkono mpaka uvunjike hakitashika kitu. Huyo fundi wa pili alipobadilisha sili, naweza kukisia kuwa viatu vile vile vilivyolowa alivifuta kwa petroli akavirudisha. Havifutiki. Oili huingia ndani ya kile kitambaa cha kiatu na kila drami ikipata moto inatoka tena juu. Viatu vilivyolowa ni vya kutupa. Na wakati wa kusafisha drami, usimruhusu mtu kupuliza lile vumbi kwa kompresa. Viatu vya zamani vingine vilitengenezwa kwa asbesto, na mapafu hayana spea.

Kabla hujaingia chini ya gari hata kuangalia tu, elewa hili, kwa sababu limewaumiza mafundi wengi. Kwa vile handibreki ya Defender inashika propela, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) inaliacha hilo gurudumu lizunguke hewani, na gari linaweza kuteleza kutoka kwenye jeki hata kama handibreki ni nzima na imevutwa. Yako hata nzima si. Egesha mahali pa tambarare, weka magogo au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu mawili, na kwa kazi nyingi za transfa ya 110 huhitaji jeki kabisa. Gari liko juu vya kutosha kwa mtu kulala chini na gunia.

Sasa tuje kwenye kuvuja kwenyewe.

Transfa yako ni ile inayoitwa LT230. Kazi yake ni kupokea nguvu kutoka giaboksi na kuzigawa mbele na nyuma, na kukupa gia ya nguvu kwa matope. Defender inavuta magurudumu manne wakati wote, kwa hiyo ndani ya transfa kuna difu ya kati inayozunguka kila mita unayokwenda, lami au tope. Haina pampu ya oili. Meno ya gia yanachota oili chini na kuirusha juu, ndivyo beringi na difu zinavyopata kulainishwa. Na oili yenyewe si nyingi, ni karibu lita 2.3 tu. Weka hesabu yako hapo: nusu lita kwa wiki mbili ni kama mililita 35 kwa siku, yaani takriban tone moja kila dakika mbili. Ukikichungulia kidimbwi asubuhi utasema ni kidogo. Lakini ukisahau kuongeza kwa wiki sita, msimu wa kuvuna watu husahau, umepoteza lita moja na nusu, na kilichobaki hakitoshi kuchotwa na meno. Cha kwanza kuungua huwa ile difu ya kati. Kwa hiyo jirani yako ana ukweli nusu. Land Rover hulowa kidogo hapa na pale, na unyevu usiodondoka mimi mwenyewe siuhangaikii. Nusu lita kwa wiki mbili si unyevu.

Oili ya 140 achana nayo. Ni kweli oili nzito hupita polepole kwenye ufa ule ule, lakini hiyo ni kwa siku chache, na bei yake unailipa asubuhi. Keringet na Molo saa kumi na moja alfajiri ni baridi ya kuvaa makoti mawili. Oili nzito wakati huo ni kama asali, haichoteki wala hairuki kufika juu kwenye beringi. Transfa hiyo inataka oili ya gia ya 90 ya kawaida yenye maandishi EP, au 80W-90, basi. Silikoni ya fundi wa kwanza nayo haikuwa na nafasi ya kushika. Gundi yoyote iliyopakwa kwa nje juu ya chuma chenye oili ni plasta juu ya jasho. Na zile chupa za dawa ya kuzuia kuvuja zinazouzwa kwenye maduka ya spea? Zinavimbisha mpira uliokauka. Kama sili yako imekauka kwa uzee zinaweza kukuvusha msimu mmoja. Kama tatizo ni chuma kilicholika, hazifanyi lolote. Wewe una sili mpya, kwa hiyo usinunue.

Swali langu mimi ni moja: kwa nini sili mpya ikakaa mwezi mmoja tu? Sili nzuri iliyowekwa mahali pazuri hukaa miaka. Ikifa kwa mwezi, kuna kitu kiliiua, na fundi asipokitafuta ataendelea kukuuzia sili. Mimi ningetafuta katika mambo manne, kwa mpangilio wa kuanzia kile cha bure.

Cha bure ni kipumulio. Juu ya transfa kuna kiungo kidogo chenye tundu, na kutoka hapo mrija mwembamba wa plastiki unapanda mpaka upande wa injini. Huo ndio pua ya lile sanduku. Asubuhi transfa ina baridi, ukiendesha na mzigo inapata moto, na hewa iliyomo inatanuka. Ikitoka nyuzi 20 kufika nyuzi 90 inataka kuchukua nafasi zaidi kwa karibu robo. Pua ikiwa wazi, inapumua tu. Ikiziba, hewa hiyo inatafuta mlango mwingine, na mlango dhaifu kuliko yote ni mdomo wa sili. Inasukuma oili nje, hata sili iwe mpya namna gani. Mambo hayaishii hapo: gari likiwa bado moto ukiingia kwenye maji, sanduku linapoa ghafla na kuvuta hewa ndani, safari hii kupitia sili hizo hizo, pamoja na maji. Ndiyo maana transfa ya mtu anayevuka mito hutoa oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Mrija huziba kwa tope, hukunjika fundi anapofanya kazi nyingine, na zaidi ya mara moja nimetoa ndani yake udongo uliofinyangwa na nyigu. Kujua ni rahisi. Chomoa mrija upande wa juu, ufute, upulize kwa mdomo. Pumzi ipite bila kushindana. Au ukitoka safari, lifungue gari likiwa vuguvugu kwenye plagi ya kujazia, polepole na kitambaa mkononi. Ukisikia *fsss*, umempata mwizi.

Kipumulio kikiwa sawa, tazama flanji, kile kipande cha chuma ambapo propela inafungwa kwenye transfa. Sili ni mpira wenye mdomo, na mdomo huo unakaa juu ya chuma kinachozunguka, ambacho ni shingo ya flanji. Kwa miaka karibu thelathini, vumbi la Kuresoi likishikana na mpira huwa kama msasa, linachonga mfereji mwembamba kwenye ile shingo. Pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, hapo hakuna sili itakayoziba, mpya au kuukuu, maana mdomo unakaa juu ya shimo. Dawa ni flanji nyingine nzuri, au bangili nyembamba ya chuma inayopachikwa juu ya shingo kuifunika. Fundi mjanja asiye na vyote viwili huikalisha sili mpya ndani au nje kidogo, milimita moja au mbili, ili mdomo upate njia mpya kwenye chuma laini. Inafaa, nimefanya, ila hakikisha sili imekaa sawasawa mzunguko mzima.

La tatu ndilo ninaloshuku kwako kwa kweli. Katikati ya flanji kuna nati kubwa, na chini ya nati kuna washa maalumu inayozuia oili isipite kwenye meno ya shafti. Oili ikipita hapo inatokea katikati ya flanji, inarushwa pembeni, inalowesha drami, na kwa macho ya mtu mwenye haraka inafanana kabisa na sili mbovu. Mafundi wengi hubadilisha sili na kurudisha washa ya zamani na nati ya zamani. Zote mbili ni za kubadilishwa, na nati ikazwe kwa spana ya toki kwa kipimo cha kitabu cha gari, si kwa nguvu za bomba. Pia kuna kibati kidogo cha kukinga oili nyuma ya bamba la handibreki. Kikirudishwa bila kuzibwa vizuri, hata tone dogo litaingia kwenye drami badala ya kudondoka nje.

La nne, beringi. Propela ikiwa imefunguliwa, shika flanji kwa mikono miwili uisukume juu na chini. Kuzunguka ni haki yake. Ikicheza juu na chini ukahisi *tok tok*, beringi imekwisha, na shafti inayocheza hutafuna sili yoyote utakayoiwekea. Hapo kazi si ya sili tena.

Haya yote ni kama oili kweli inatoka nyuma. Usiamini, kwa sababu chini ya Land Rover upepo wa safari huisukuma oili yote nyuma na kila kitu huonekana kimevujia mwisho. Fanya hivi: nunua dizeli kidogo, chukua brashi ngumu, sugua transfa na giaboksi mpaka uone chuma, suuza, acha ikauke. Kisha chukua unga wa ngano, ndiyo, wa chapati, uupake mkavu juu ya chuma kizima kwa kitambaa. Endesha kilomita 20 au 30 bila mzigo, kwenye njia kavu na ya tambarare, kwa kuwa handibreki bado haijapona. Rudi na tochi. Unga utakuwa umelowa, na wewe unatafuta sehemu iliyolowa iliyo juu kabisa na mbele kabisa. Hapo ndipo chanzo. Mengine yote ni mteremko.

Ukiona kumelowa mbele ya transfa, chini kidogo ya katikati, ni shafti ya kati. Ina raba za mviringo zinazochoka, na fundi mzoefu anaweza kuzibadilisha bila kushusha transfa nzima, ila aangalie kama tundu la shafti kwenye sanduku halijapanuka, maana raba mpya kwenye tundu lililolika ni kazi bure. Ukiona ni kifuniko cha chini, ni gasketi, kazi ya saa chache. Na ukiona oili nyeusi inayonuka moshi ikitokea pale injini inapokutana na giaboksi, hiyo si ya transfa hata kidogo, ni ya injini. Pua husaidia hapa: oili ya transfa ina harufu kali ya kiberiti, huwezi kuisahau ukishaisikia.

Sasa kuongeza oili. Plagi ya kujazia iko ubavuni nyuma ya transfa, juu ya ile ya kumwaga. Gari liwe tambarare, si nusu mtaroni, na lisiwe juu ya jeki. Lisimame dakika kumi oili itulie chini. Kama unamwaga yote, fungua kwanza plagi ya juu, ndipo ya chini. Usije ukamwaga oili kisha ukagundua ya juu imeganda na huna pa kujazia, na viazi vinakungoja. Jaza kwa sindano kubwa ya oili au mrija na faneli mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu lile lile. Iache ichuruzike mpaka ikome, funga. Hicho ndicho kipimo, hakuna dipstiki. Ukijaza gari likiwa limeinama upande, unaweza kuweka zaidi ya inayotakiwa, nayo ziada itapigwa povu, itapasha sanduku moto na kutoka kwenye sili. Huenda sehemu ya ile nusu lita yako ni ziada hiyo hiyo unayoiweka na gari linairudisha.

Lakini kuna jambo moja ukiliona usiongeze chochote. Ukifungua plagi na oili ikamwagika kwa nguvu wakati hukuongeza, kagua giaboksi. Kati ya giaboksi na transfa kuna sili, na ikifa oili ya giaboksi inahamia transfa kimyakimya, bila tone kuonekana chini. Unakuwa na transfa iliyojaa inayotapika, na giaboksi inayokauka. Ubaya zaidi, giaboksi ya R380 uliyo nayo hutumia oili nyembamba, si 90, kwa hiyo zote mbili zinabaki na mchanganyiko usiofaa. Sili hiyo haifikiwi bila kushusha transfa. Kazi hiyo usiifanyie shambani.

Gharama: kipumulio hakina gharama. Sili, washa, nati na viatu vya breki ni vitu vidogo ukilinganisha na transfa nyingine, na mimi ningevinunua vyote kwa pamoja nikafanya kazi mara moja, kwa sababu kufungua propela na drami ndiyo kazi yenyewe. Nati za propela, kwa njia, ni za 9/16. Ukimwona kijana anaziendea kwa spana ya 15, mzuie, atazifanya mviringo. Watu watakushawishi ununue transfa ya mtumba badala ya kutengeneza. Yako kama hailii na haina chuma ndani, usibadilishe ugonjwa unaoujua kwa usioujua.

Kutafuta chanzo, kuzibua kipumulio na kuongeza oili unaweza mwenyewe. Nenda kwa fundi wa Land Rover ana kwa ana ukisikia transfa inalia kama king'ora mwendo ukiongezeka, gia ya nguvu ikiruka yenyewe, oili ikitoka nyeupe, flanji ikicheza, au plagi ya kumwaga ikija na vipande vya chuma. Unga laini wa kijivu kwenye plagi si wa kuogopa. Kipande unachoweza kukishika kwa kucha ni jino au beringi ya mtu. Oili chafu mpelekee fundi kwenye debe. Usiimwage: mto Molo unaishia Ziwa Baringo, ambako watu wanavua samaki.

Viazi vya wiki hii visiteremke kwa gari hilo. Kodi pikapu ya mtu, viatu vipya vikiingia na handibreki ikashikilia gari lenye mzigo kwenye kilima cha kwenu bila jiwe, ndipo ushuke. Na ukifanya lile jaribio la unga, niandikie umelowa wapi. Isipokuwa iwe ni kwenye kiungo cha giaboksi. Hapo usiniandikie, lilete.